Bili ya Msafiri: Niliyojifunza kwa Kuisoma Mstari kwa Mstari

Kwa miaka kadhaa sasa, bili za simu za wenzangu wanaosafiri kikazi hupitia mikononi mwangu kabla ya kulipwa. Mimi ni mtu wa hesabu. Mambo ya minara na mitambo hayakuwa yangu. Lakini ukishaona bili ya mtu aliyekwenda mkutano wa siku chache ikikaribia nauli yake ya ndege, huwezi tu kugonga muhuri ukaendelea na mengine. Unamwita, mnakaa, mnaipitia. Na kwa kuwa mimi pia husafiri, kila nililolikuta kwenye karatasi za wenzangu nililijaribu kwenye simu yangu.

Kilichonishangaza mapema kabisa ni kwamba wenye bili kubwa si waongeaji. Tuna mwenzetu mmoja ambaye kila jioni akiwa safarini lazima aongee na watoto wake mpaka walale, na bili yake haijawahi kunisumbua, kwa sababu huongea kwa WhatsApp akiwa kwenye waifai ya hoteli. Bili iliyonitoa jasho ilikuwa ya mtu mpole, asiyependa simu, aliyeniambia kwa sauti ya kuumia, "Dada, mimi hata kupokea sikupokea. Niliiweka kimya nikaitupa mfukoni." Nikamwamini. Tatizo likawa kuelewa ni nani basi aliyeongea.

Bili yenyewe ilikuwa na mistari iliyokwenda kwa jozi. Saa 4:12 asubuhi, simu iliyoingia, sekunde 38. Saa hiyohiyo 4:12, simu iliyotoka kwenda nyumbani, sekunde 38. Chini yake jozi nyingine, sekunde 52 na sekunde 52. Ukurasa mzima ulikuwa hivyo, na zile simu zilizotoka zote zilikwenda kwenye namba moja ambayo mwenyewe hakuitambua. Tuliipiga pale mezani. Ikapokea sauti ya mwanamke wa kwenye mashine, ikitukaribisha kwenye huduma ya ujumbe wa sauti.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jinsi simu inavyosafiri. Mtu akikupigia ukiwa nchi nyingine, mtandao wa nyumbani hutafuta uko wapi, kisha huipeleka ile simu hadi kwenye mtandao uliokupokea huko. Anayepiga hulipa bei yake ya kila siku, maana hajui kama umesafiri na si kosa lake. Gharama ya kuvuka mpaka inakuangukia wewe unayepigiwa. Simu ikiita mpaka ikakatika, kwa kawaida hakuna malipo. Lakini kama kisanduku cha ujumbe wa sauti kimewashwa, simu ambayo imeshafika ugenini inageuzwa na kurudishwa nyumbani, kwa sababu kisanduku kiko kule. Unalipia safari ya kwenda na safari ya kurudi, ili mtu aseme "nilikuwa nakutafuta tu, nitapiga baadaye". Ukitaka kuusikiliza huo ujumbe ukiwa hukohuko, unalipa mara ya tatu.

Na kuna kinyume kinachochekesha, ingawa mwenzangu hakucheka. Angeizima simu kabisa, na mtandao ukajua kwamba imezimwa, wapigaji wangepelekwa kwenye kisanduku moja kwa moja bila simu kuvuka mpaka, naye asingedaiwa chochote. Kuiacha ikiwa hewani na kuikataza isilie, kwa nia njema ya kubana matumizi, ndiko kulikomponza.

Dawa yake ni fupi. Kabla ya kuondoka unabonyeza ##002# kisha unapiga, na uelekezaji wote wa simu unafutwa. Ukitaka kwanza kuona kama upo, *#61# inakuonyesha simu zisizopokelewa zinaelekezwa wapi. Hizi ni namba za viwango vya GSM, mfumo wa simu za mkononi unaotumiwa na nchi nyingi, kwa hiyo zinafanya kazi kwenye mitandao mingi, si wa kampuni moja tu. Mimi huzibonyeza nikiwa bado nyumbani, kwa sababu ukishavuka mpaka si kila namba ya huduma inaitika. Na wanaokubipu wabipu wanavyotaka. Bipu haina gharama kwa upande wowote.

Baada ya sauti kuna data, na huko ndiko fedha hasa zinakopotelea siku hizi. Watu wengi wakifikiria data wanafikiria wanachokifungua wenyewe: ramani, barua pepe, ujumbe. Hivyo ni vidogo. Simu ya kupiga kwa WhatsApp, ya sauti tupu, kwa kawaida haifiki MB 1 kwa dakika. Vinavyokula ni vile usivyovifungua: picha zinazonakiliwa kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni, programu zinazojisasisha, video zinazoanza kucheza zenyewe ukipitisha kidole tu. Picha moja ya simu ya kisasa ni MB 2 mpaka 5. Mtu aliyezunguka jiji geni mchana kutwa akipiga picha 200 amebeba zaidi ya MB 400 zinazongoja kupakiwa, na simu haimuulizi.

Nimewahi kukaa na bili yenye mstari mmoja uliosimama peke yake kama mlingoti: saa 8:40 usiku, MB 412. Mwenye bili alikuwa amelala, na simu yake ilikuwa kwenye waifai ya hoteli. Aliapa, na nilikuwa tayari kuapa naye. Tulipochunguza tukagundua kwamba waifai ya hoteli ile ilikuwa ya kuingia kwa jina na namba ya chumba, na ruhusa yake ilikuwa ya saa 24. Muda ulipokwisha usiku, simu ikatolewa kwenye waifai, ikahamia kwenye data ya romingi, yaani laini ya nyumbani kutumia mtandao wa nchi nyingine, kwa sababu romingi ilikuwa imewashwa. Na kwa kuwa ilikuwa kwenye chaji na haitumiki, ndiyo saa ambayo simu nyingi huona inafaa kunakili picha na kujisasisha. Kila kifaa kilifanya kazi yake sawasawa. Mwenye bili ndiye aliyeumia.

Tangu hapo nimekuwa mkali juu ya kitufe kimoja kwenye mipangilio, kile cha kuruhusu data ya romingi. Watu huniambia wanatumia waifai tu, kwa hiyo haina haja. Haja ipo. Kuwa kwenye waifai si ulinzi. Ulinzi ni kitufe kuzimwa. Kisha, hata kwa anayehitaji data na amenunua kifurushi, kuna mpangilio wa kuzuia programu zisitumie data zikiwa nyuma ya pazia, na mwingine wa kuamuru picha zinakiliwe kwenye waifai peke yake. Ukiyashughulikia hayo mawili, kifurushi ambacho kingeliwa chote kwa siku mbili kinaweza kumaliza wiki.

Kuna jambo dogo ambalo bili zilinifundisha na sijaliona likisemwa sana: vipimo. Kuna kampuni zinazohesabu data kwa KB, na kuna zinazohesabu kwa MB nzima, yaani ukitumia KB 20 unaandikiwa MB 1. Simu inayoamka kila baada ya dakika chache kuuliza kama kuna barua mpya inaweza kuandikiwa MB nyingi kwa siku bila kupokea barua hata moja. Hayo yamo kwenye masharti, kwa herufi za kusomwa na vijana.

Swali ambalo kila mmoja huniuliza ni kwa nini iwe ghali hivyo, na nilipolifuatilia nikapata hasira zaidi kuliko nilivyokuwa nayo. Unapokuwa ugenini unatumia mtandao wa kampuni ambayo huna mkataba nayo. Kampuni yako ina mkataba nayo. Ile ya ugenini huandika kila ulichotumia, hutuma rekodi kwa kampuni yako, na huidai kwa bei ya jumla waliyokubaliana. Kampuni yako nayo inakudai wewe kwa bei ya rejareja inayojipangia. Mnara ni uleule, mawimbi ni yaleyale, na mwenyeji aliyekaa pembeni yako kwenye basi anaangalia mpira kwa bei ya kawaida. Kinachobadilika ni mkataba.

Ulaya ndiko unakoweza kuliona hili waziwazi, kwa sababu bei zao ziliwekwa kwenye sheria na zimeandikwa. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya uliweka ukomo wa senti 49 za euro kwa dakika ya kupiga na senti 24 kwa dakika ya kupokea, kabla ya kodi. Data ilichelewa: ukomo wa rejareja uliwekwa Julai 2012, nao ulikuwa senti 70 kwa MB 1. Zidisha mwenyewe, GB 1 ni kama euro 700, na hiyo ndiyo bei iliyowekwa ili kumlinda mteja! Tarehe 15 Juni 2017 malipo ya ziada ya romingi yakafutwa ndani ya umoja huo, mteja akatumia kifurushi chake cha nyumbani katika nchi nyingine mwanachama. Mwaka huohuo ukomo wa bei ya jumla, ile ambayo kampuni zinadaiana zenyewe, ulikuwa euro 7.70 kwa GB. Kufikia 2025 ukawa euro 1.30. Kutoka 700 hadi 1.30, na hakuna aliyehamisha mnara. Kweli, moja ni bei ya rejareja na nyingine ya jumla, na mitambo imekuwa bora. Lakini hata ukiyatoa hayo yote, pengo linalobaki linajieleza.

Afrika Mashariki nako kulikuwa na jambo lake, na lilitangulia. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel ilianzisha One Network kati ya Kenya, Uganda na Tanzania: mteja akivuka mpaka alipiga kwa bei ya huko alikofika na kupokea simu bila malipo. Miaka minane baadaye serikali nazo zikaingia, Kenya, Uganda na Rwanda zikiwa za mwanzo kukubaliana kuondoa mzigo wa romingi kwenye simu za sauti. Nayataja haya kwa sababu yananisaidia kazini. Mtu akiniambia anakwenda mahali fulani, kabla ya kuuliza bei nauliza kwanza kama kuna makubaliano kati ya nchi hizo mbili. Yakiwepo, nusu ya kazi imekwisha.

Makubaliano hayo lakini yana mipaka, na watu hujikwaa hapohapo. Uswisi iko katikati ya Ulaya lakini haimo kwenye Umoja wa Ulaya, na kanuni ile ya 2017 haiihusu. Norway, Iceland na Liechtenstein hazimo kwenye umoja lakini kanuni inazihusu kupitia Eneo la Kiuchumi la Ulaya. Uingereza ilipojitoa, wajibu wa kisheria wa kutotoza romingi ukaondoka nao, na baadhi ya kampuni za huko zikarudisha malipo. Ramani ya shuleni haikusaidii hapo. Inayosaidia ni orodha ya nchi iliyo kwenye masharti ya kifurushi chako, na ni ya kusoma jina kwa jina. Neno "Ulaya" kwenye tangazo haliwezi kuaminiwa peke yake.

Mpakani penyewe ni habari nyingine. Simu haijui mpaka, inajua mawimbi yenye nguvu. Katika mji kama Basel, ambako Uswisi, Ufaransa na Ujerumani hukutana, unaweza kukaa kwenye kiti kimoja na simu ikahama nchi kwa sababu tu umegeukia dirishani. Mwenzetu mmoja alikuwa na kifurushi cha nchi aliyolala, akawa anaandikiwa matumizi ya nchi ya jirani ambayo hakuikanyaga. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio na kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu ijichagulie. Ni usumbufu, maana ukitoka nje ya eneo la mtandao ule simu inabaki bila huduma mpaka uibadilishe tena. Kwa mtu wa mpakani usumbufu huo unalipa.

Melini na ndani ya ndege, niseme mara moja tu: weka simu kwenye hali ya ndegeni tangu unapopanda. Meli nyingi kubwa, hata feri kadhaa, zina mnara wao mdogo unaounganishwa kwa setilaiti, na simu ikishakosa mawimbi ya nchi kavu huushika huo kwa furaha. Hiyo si nchi yoyote. Kifurushi chako cha nchi ulikotoka hakihusiki, na cha nchi unakokwenda hakihusiki. Hata kwa Wazungu wenyewe, ile raha ya kutolipa ziada haifiki kwenye mitandao ya setilaiti. Walichopewa ni kwamba matumizi yakifika euro 50 huduma ikatwe, isipokuwa mteja awe amechagua ukomo mwingine.

Sasa nije kwenye chaguo, maana baada ya kutishana kote huku mtu anataka kujua afanye nini.

Laini ya nchi unayofika ndiyo rahisi kuliko zote kama unakaa zaidi ya siku chache. Unahitaji pasipoti, kwa sababu nchi nyingi hazisajili laini bila kitambulisho, na unahitaji simu ambayo haikufungwa kwenye mtandao wa kampuni iliyokuuzia. Hilo la kufungwa huwakuta wengi wakiwa wameshalipa. Jaribu kabla: azima laini ya kampuni nyingine, ichomeke, uone kama inasoma. Jambo jingine, WhatsApp itakuuliza kama unataka kuhamia namba mpya. Kataa, endelea na ya zamani, na watu wako wataendelea kukupata kana kwamba hukuondoka.

Wanaokaa muda mrefu wana la kuongeza. Uturuki, kwa mfano, simu iliyotoka nje ikitumiwa na laini ya huko huzuiwa baada ya siku 120 isiposajiliwa, na usajili una ada. Aliyekwenda huko kusoma asishangae simu nzima kufa ghafla ilhali laini iko hai.

eSIM, laini isiyo na kadi ya plastiki, ndiyo ninayoitumia mimi zaidi sasa. Unainunua mtandaoni, unaipakua, hakuna kuchomeka kitu. Ukibonyeza *#06# na skrini ikakuonyesha namba ndefu yenye herufi EID juu yake, simu yako inaikubali. iPhone zinazouzwa Marekani tangu iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina hata tundu la laini ya plastiki, kwa hiyo mwenye hiyo hana hiari. Ipakue ukiwa bado na intaneti ya uhakika nyumbani, kwa sababu kupakua kwenyewe kunahitaji intaneti, na uwanja wa ndege wenye waifai ya kusuasua si mahali pa kuanzia. Nyingi kati ya hizi za wasafiri ni za data tu, hazina namba ya kupigiwa. Mimi sioni hasara hapo.

Mtego wa eSIM uko kwenye kuwa na laini mbili kwa pamoja. Unaweka ya safari kwa ajili ya data, unaiacha ya nyumbani iwe hewani kwa meseji, unaona umemaliza. Lakini simu nyingi zina mpangilio unaoruhusu data ihamie laini ya pili kama ya kwanza imedhoofika. Ikiwa romingi ya laini ya nyumbani imewashwa, umerudi kulekule. Nimeshaona bili ya namna hiyo, ya mtu aliyekuwa na GB za kutosha kwenye eSIM, na bado akatozwa romingi kila alipoingia kwenye lifti.

Laini ya nyumbani usiitoe kabisa, hata hivyo. Mwenzangu mmoja aliitoa, akaifunga kwenye karatasi, akaiweka kwenye begi lililopelekwa chini ya ndege. Alipotaka kulipia hoteli kwa kadi, benki ikatuma msimbo wa uthibitisho kwa meseji, kwenye laini iliyokuwa inazunguka kwenye mkanda wa mizigo wa uwanja mwingine. Kampuni nyingi hazitozi kupokea meseji ukiwa ugenini, kwa hiyo laini ikae ndani ya simu, data yake ikiwa imezimwa, kazi yake ikiwa hiyo tu. Sharti ni kwamba huduma ya romingi iwe imefunguliwa kabla hujaondoka. Kwenye baadhi ya kampuni haifunguki ukiwa nje, na wengine hudai amana kwanza.

Na sasa niseme kitu ambacho wahasibu wenzangu hawapendi kukisikia: kuna safari ambazo romingi ya gharama kubwa ndiyo chaguo la busara. Data ya romingi kwa kawaida hupelekwa kwanza kwenye mtandao wa nyumbani, kisha ndipo inatokea kwenye intaneti. Hii huifanya iwe nzito kidogo, lakini ukiwa China ina faida kubwa, kwa sababu aliye kwenye romingi huwa anafungua WhatsApp na Google kama yuko kwao, wakati aliyenunua laini ya huko au aliye kwenye waifai ya hoteli anakuta zimefungwa. Mwenzetu aliyekwenda kukagua mzigo kiwandani, akihitaji kutuma picha kila saa na kupata jibu palepale, alinunua kifurushi cha romingi kwa idhini yangu, na nililipa bila kinyongo. Kuokoa fedha ya laini na kupoteza mawasiliano na mtu mwenye kauli ya mwisho juu ya mzigo ni hesabu mbaya.

Ramani hazihitaji yote hayo. Pakua ramani ya mji mzima kabla ya kuondoka. GPS hupokea mawimbi ya setilaiti bure, na alama ya buluu itatembea na wewe hata data ikiwa imezimwa. Bado nakutana na watu wanaowasha romingi ili tu wajue hoteli iko upande gani.

Kuhusu kubishana na kampuni. Tumewahi kushinda mara kadhaa, na ushindi haukutokana na kelele. Kisa kimoja: mwenzetu alinunua kifurushi cha romingi, meseji ikamjibu kwamba kifurushi kinatumika katika nchi aliyokuwa anakwenda. Akafika, simu ikashika mtandao mmoja kati ya mitandao ya huko, akatumia. Bili ikaja na bei ya kila MB kana kwamba hakununua kitu. Kampuni ikatuelekeza kwenye ukurasa wa masharti: kifurushi kilikuwa cha mtandao mshirika mmoja tu, si nchi nzima. Lakini mwenzetu alikuwa ameihifadhi ile meseji, na ile meseji ilitaja nchi, haikutaja mtandao. Tuliambatanisha picha ya skrini na barua fupi isiyo na hata neno moja la hasira. Ilichukua wiki kadhaa na watu wanne tofauti wa huduma kwa wateja, kila mmoja akianza kwa kuuliza kama tumejaribu kuzima simu na kuiwasha. Walirudisha fedha yote.

Kwa hiyo siku hizi kila anayesafiri namwomba vitu vitatu, na wananiona msumbufu: asifute meseji ya kukaribishwa anayoipata akitua, apige picha ya skrini ya kipimo cha data siku ya kuondoka na siku ya kurudi, na aandike jina la mtandao linaloonekana juu ya skrini katika kila nchi. Kipimo cha ndani ya simu si ushahidi unaokubaliwa na kampuni zote, lakini tofauti ikiwa kubwa sana kati yake na bili, wanalazimika kuangalia.

Wenye laini za kulipia kabla wana nafuu ambayo haitambuliwi: mara nyingi salio huangaliwa papo kwa papo, likiisha huduma inakatika, na hasara inaishia hapo. Sisi wa kulipia baada ya matumizi ndio tunaofuatwa mpaka nyumbani. Rekodi kutoka mitandao ya nje zinaweza kuchelewa, nyingine zikafika bili ya mwezi ikiwa imeshachapwa, zikaangukia ya mwezi unaofuata. Mtu anarudi, anaona bili ndogo, ananiletea kwa majivuno nifunge jalada la safari. Silifungi. Namwambia aiache hapo mezani, tusubiri ya pili.